Moshi Ulikuwa Wangu

Mama yangu alizikwa na kosa langu. Nalisema mapema ili msomaji asinihurumie bure, maana wakati wa msiba watu walinipa pole nyingi sana, nami nilizipokea zote kama mtu anayezistahili.

Kosa lenyewe ni la dawa ya mbu. Ukimwambia mtu wa kwetu Ifakara kwamba nimeishi Toronto miaka yote hii na jambo linaloniliza mpaka leo ni dawa ya mbu, atacheka. Kanada si kuna theluji? Mbu wametoka wapi? Wametoka bondeni. Nyumba yetu ilikuwa North York, ghorofa ya pili ya jengo refu la matofali, na nyuma yake kulikuwa na bonde lenye kijito na miti. Kuanzia Juni mbu wa bonde lile walipanda kwetu kama watu walioalikwa. Wavu wa dirisha la chumbani ulikuwa umechanika pembeni, na msimamizi wa jengo kila tulipomwambia alisema anakuja kesho. Kwenye roshani mimi mwenyewe niliweka ndoo tatu na beseni kukinga mvua, kwa sababu nimelelewa kuona maji ya bure yakipotea ni dhambi. Kwa ufupi, nilikuwa nafuga mbu huku nikiwalalamikia.

Dawa ya kuchoma mnaijua. Ya kijani, imejikunja duara ndani ya duara, unaisimamisha kwenye kibati chake, unawasha ncha, unapuliza, inabaki ikifuka polepole mpaka asubuhi. Nimelala nayo tangu utoto. Mama alikuwa akiiweka karibu na mlango, na nyumba yetu haikuwa na dari. Moshi ulipanda, ukapita kwenye uwazi kati ya ukuta na bati, ukaenda zake. Hata hatukuuhesabu kuwa moshi. Moshi ulikuwa wa kuni na wa sigara.

Mwaka wangu wa tatu Toronto, rafiki mmoja wa kanisani alirudi kutoka likizo nyumbani akanipa boksi moja. Niliwasha usiku ule, nikalala kama mtoto mchanga. Tangu nifike nchi ile nilikuwa sijalala hivyo. Basi nikaanza kuagiza kwa kila aliyekuwa anasafiri. Niliichoma Juni, nikaichoma Agosti, na nikiri tu, niliichoma hata Novemba, mbu wameshakufa wote na madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi. Sikuwa nafukuza mbu. Nilikuwa nautafuta usingizi wa kwetu.

Kisha akazaliwa binti yetu, na alipofika miaka miwili kifua chake kikaanza kupiga filimbi. Daktari akasema ni pumu, akampa inhela na kile kichupa cha plastiki cha kuvutia dawa. Mume wangu alikuwa mtu mpole, ila kwa mtoto huyo hakuwa na mzaha. Jioni ile ile alichukua boksi langu la dawa ya mbu akaenda kulitupa kwenye tundu la takataka la jengo. Akaniambia, "Hii kitu isiwake tena humu ndani. Niahidi." Nikamwahidi. Nikaapa na Mungu juu, hata Mama nikamsimulia kwa simu.

Miaka miwili baadaye, binti yangu akiwa na minne, Mama akapata viza ya kuja kukaa nasi miezi sita. Nilimpigia simu kumwambia vitu vya kuleta: dagaa, unga wa muhogo, vitenge viwili. Mwisho nikasema, "Na dawa ya mbu, Mama. Maboksi sita."

"Na kifua cha mtoto?"

"Tunafungua dirisha, Mama."

Mama alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alifundisha sayansi kimu miaka thelathini, na nusu ya watu wazima wa mtaa wetu walijifunza kwake kuchemsha maji ya kunywa na kufukia vidimbwi. Aliyajua mambo ya mbu kuliko mimi na kuliko wengi wanaoyahubiri. Lakini aliombwa na mwanawe, akaleta. Alipofungua sanduku niliyakuta maboksi sita yamefungwa ndani ya kitenge, na chini yake chandarua cha buluu ambacho sikumwagiza.

Nilikicheka kile chandarua. Nikamwambia, "Mama, hapa utakitundika wapi? Nyumba ya kupanga, hawaruhusu misumari kwenye dari."

Alizunguka chumba atakacholala na mjukuu wake, akagonga kioo cha dirisha, akatazama juu. "Nyumba nzuri," akasema. "Ila moshi unatokea wapi?"

"Mama, hapa siyo kijijini."

Ndivyo nilivyomjibu mwanamke aliyenifundisha kusoma.

Mume wangu alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, zamu ya jioni. Mtoto alilala na bibi yake, na walipendana kwa namna iliyonitia wivu kidogo. Mama alimsimulia hadithi kwa Kiswahili, mtoto akamjibu kwa Kiingereza, na hakuna aliyemwomba mwenzake abadili. Baada ya chakula, mtoto akishasinzia, niliingia chumbani mwao, nikawasha dawa yangu, nikaiweka chini ya meza ndogo. Magazeti wakati ule yalikuwa yameanza kuandika kwamba mbu wa Kanada nao wana ugonjwa wao, watu wanalazwa, nami nikajiegemeza kwenye habari hiyo. Nilijiambia namkinga mtoto. Ukweli ni kwamba harufu ilipita chini ya mlango ikanifikia chumbani kwangu, na Mama alikuwa ndani ya nyumba, na nililala.

Mara mbili Mama aliizima kwa maji. Mara zote mbili niliwasha nyingine. Mara ya tatu aliniambia, "Nyumba ni yako, mwanangu. Mgeni hapangi. Lakini mimi nimeshasema." Akafungua dirisha kadiri lilivyokubali, na madirisha ya jengo lile yalifunguka upana wa kiganja tu, ili watoto wasianguke.

Asubuhi moja mume wangu alinusa hewa ya sebuleni. "Harufu gani hii?"

Mama alikuwa mezani anakunywa chai. Nikasema haraka, bila hata kufikiri, "Mama amefukiza ubani. Unawajua wazee."

Mama akaweka kikombe chini. Akamtazama mkwewe, akatabasamu lile tabasamu la heshima analopewa mkwe, akaendelea na chai yake. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani, na mimi niliutaja ubani wenyewe kwa jina.

Jumapili moja ya Agosti tulikuwa tunajiandaa kwenda kanisani. Mama alitoka chumbani amembeba mtoto. Mabega ya mtoto yalikuwa yanapanda na kushuka, ngozi kati ya mbavu inaingia ndani kila anapovuta hewa, na hakuweza kumaliza sentensi. Tulimpa inhela, tukampa tena, kifua hakikulegea. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Mume wangu akaita gari la wagonjwa. Mimi nilikuwa na kiatu kimoja mguuni, natafuta kingine, na nakumbuka nilikuwa namgombeza mtu, sijui nani, kuhusu kiatu.

Hospitali wakamwekea kinyago cha dawa. Baada ya saa kadhaa akatulia, akaanza kuuliza juu ya katuni. Ndipo akaja muuguzi mmoja wa makamo, wa kitengo cha vifua, akavuta kiti akaketi nasi. Aliuliza kama kuna anayevuta sigara nyumbani. Mume wangu akasema hakuna. Paka? Hakuna. Kuna kitu chochote kinachochomwa ndani, mishumaa, ubani, dawa ya wadudu?

"Ubani," mume wangu akasema. "Mama mkwe huwa anafukiza ubani."

Mtoto akatoa kinyago chake. Akasema siyo ubani, ni ile ya kijani. Akachora hewani kwa kidole: duara, na duara, na duara.

Mume wangu alielewa. Kwa adabu za kwao, na za kwetu, mwanamume hamkazii macho mama mkwe wake, na katika miezi ile sikumwona hata mara moja akimtazama usoni. Kwa hiyo alinigeukia mimi. "Nani?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Ni mimi," Mama akasema. Alisema kwa Kiingereza chake cha ualimu, taratibu, kila neno limesimama peke yake, ili muuguzi naye asikie. Ni yeye aliyeileta kutoka nyumbani na ni yeye anayeichoma, kwa sababu ya mbu. Hakujua.

Hakujua! Mwalimu wa sayansi kimu.

Muuguzi hakumkaripia. Alieleza kwa upole kwamba kwa kifua cha mtoto moshi ule ni ndugu wa moshi wa sigara: una chembe ndogo zisizoonekana kwa macho zinazoshuka mpaka chini kabisa ya mapafu, na chumba kikifungwa hubaki mle mle usiku kucha. Alisema hata mtu mzima asiye na pumu unamdhuru kidogo kidogo, bila yeye kujua. Akataja vya kufanya: kuziba dirisha kwa wavu mzima, kumlaza mtoto ndani ya chandarua, kuwasha feni imwelekee maana mbu hawezi kuruka kwenye upepo, kumwaga maji yote yaliyotuama, kumvalisha mikono mirefu jioni, na kama ni dawa ya kupaka, iwe ya umri wake, isipakwe viganjani wala karibu na macho. Mama alitoa bahasha kwenye mkoba akayaandika yote, akauliza na maswali mawili, kama mwanafunzi wa kwanza darasani. Alikuwa anayaandika mambo aliyoyafundisha kabla mimi sijazaliwa.

Ukumbini, mume wangu alisimama mbele yake, macho chini. "Mama," akasema, "nakuomba. Kwa huyu mtoto, nakuomba."

Mwenye kuzijua mila atajua uzito wa maneno hayo, mkwe kumwonya mama mkwe. Mama alipiga goti kidogo, kama binti. "Nimekosa, baba."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao. Mdomo ninao.

Siku ya pili yake nilimfuata jikoni. Nikamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu ulimwahidi," akasema. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Mtoto akilazwa kwa ujinga wa bibi, nyumba inapona. Akilazwa kwa uongo wa mke, sijui. Mimi naondoka, wewe utabaki naye."

"Nitamwambia, Mama."

"Mwambie ukiwa tayari."

Laiti angesema nimwambie leo. Au angenizaba kofi. Tayari ni neno pana mno kwa mtu mwoga, niliishi ndani yake miaka kumi na moja.

Wiki ile Mama alifanya kazi kama mtu anayelipishwa faini. Alizipindua ndoo zangu zote na beseni. Aliushona wavu wa dirisha kwa uzi wa nailoni, mshono mdogo mdogo, akaweka na kiraka pale palipooza. Chandarua alikitundika bila msumari hata mmoja, kwa vipande vya kitenge alivyovifunga kwenye fimbo ya pazia na kwenye vishikio vya kabati. Maboksi ya dawa yaliyobaki aliyabeba mbele ya mkwewe akaenda kuyatupa mwenyewe. Baada ya siku nne hatukuumwa na mbu tena. Ilikuwa rahisi kiasi hicho.

Lakini mtoto hakulala tena chumba kile. Baba yake alimhamishia kwetu, na mtoto alipolia anamtaka bibi, alimweleza kwa maneno ya mtoto: moshi wa bibi ndio uliokuuguza. Hakuwa na nia mbaya, ndivyo alivyojua. Mama akalala peke yake ndani ya chandarua alichomtundikia mjukuu wake.

Aliondoka Septemba, miezi mitatu kabla ya siku zake, akisema baridi inamwogopesha. Uwanja wa ndege aliinama kumbusu mtoto. Mtoto akajificha nyuma ya mguu wa baba yake na kubana pumzi, mashavu yamejaa, macho yamemtoka, mpaka bibi aliposimama wima tena. Mama aliona. Akamwambia, "Vuta hewa, mama, naenda." Akaenda.

Baada ya hapo ilikuwa simu za Jumapili. Kila Jumapili kwanza aliuliza kifua. Kisha aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetania, "Bado ananiogopa?" Nilimwambia watoto husahau. Nilipompa mtoto simu alitikisa kichwa akakimbia, nami nikasema yuko bafuni, yuko shule, amelala. Njia ya mwongo ni fupi, husema. Yangu ilikuwa ndefu, na niliitembea na mama yangu mzigoni.

Binti yangu alipokaribia komunyo ya kwanza, akiwa na miaka minane, tulimwalika Mama tena. Mume wangu ndiye aliyependekeza. Alikuwa amemsamehe zamani, masikini, kwa kosa ambalo hakulifanya. Nilipanga kwamba Mama akifika nitasema yote mbele yao wote. Nilipanga hata nguo nitakayovaa. Mama alifurahi, akaanza kuulizia tikiti. Kisha Jumapili moja akasema hataweza. "Miguu, mwanangu." Sikumbembeleza. Nitalisema hili pia, kwa kuwa nimeshaanza: nilipokata simu nilijisikia mwepesi.

Baada ya hapo hakuuliza tena kama anaogopwa. Aliuliza kifua tu. Nilidhani yamemtoka.

Alipata kiharusi binti yangu akiwa na miaka kumi na mitano. Ndugu walinipigia, nikakata tikiti, na nilipofika Ifakara walikuwa wamemzika jana yake. Nilikuta udongo mbichi na mashada. Nilimwambia pale kaburini, kwa sauti, watu wakanishika mabega wakijua ni uchungu wa kawaida.

Niliporudi Toronto, Watanzania wa kanisani walikusanyika Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa jengo letu kutuombea. Ulikuwa mkusanyiko mzuri, pilau ya kutosha, wimbo wa pambio. Mume wangu akasimama kumsifu mama mkwe wake. Alisema alikuwa mtu wa kukiri kosa. Akasimulia kisa cha dawa ya mbu, kwa heshima, jinsi mtoto alivyolazwa na jinsi yule mama, mwalimu mzima, alivyopiga goti mbele yake bila kujitetea. "Wangapi wetu tunaweza?" akauliza. Watu wakaitikia, wengine wakafuta machozi.

Nikasimama. Sikuwa tayari hata siku ile. Nilisema dawa niliiagiza mimi, niliiwasha mimi, Mama aliizima mara mbili nami nikawasha tena, ubani haukuwepo, aliniachia nafasi ya kusema na sikusema. Nadhani nilisema vibaya, maana mzee mmoja alianza kunipa pole katikati. Mume wangu aliketi chini. Yaliyofuata kati yangu naye ni yetu, na hayajaisha.

Binti yangu alikuwa nyuma, karibu na birika la chai. Alinitazama, akachukua sinia la vikombe akaingia jikoni. Nilimfuata. Alikuwa anaosha vikombe ambavyo havijatumiwa.

"Bibi alinipigia simu," akasema kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

"Lini?"

"Kabla ya komunyo yangu. Ulikuwa kazini. Aliniomba msamaha kwa ule moshi. Alisema kwa Kiingereza, polepole, kama anasoma mahali." Akaosha kikombe kingine. "Akaniuliza kama naona ni sawa akija."

"Ukamwambiaje?"

"Nilikuwa na miaka minane, Mami."

"Ukamwambiaje?"

Alikuwa amenipa mgongo, na aliponijibu, alinijibu kwa Kiswahili.

"Nilimwambia asije."